Baruti ikilowa, bunduki ni gongo

Bunduki nyingi zilizopanda kutoka Bagamoyo kwenda Tabora katika karne ya 19 zilikuwa zimekwisha kustaafu kwao. Mwaka 1866 jeshi la Prussia liliishinda Austria kwa bunduki inayojazwa risasi kwa nyuma, na tangu hapo kila dola la Ulaya likataka za namna hiyo. Za zamani, zinazojazwa kupitia mdomoni, zikauzwa kwa bei ya chini. Shehena baada ya shehena ikateremshwa Unguja, ikavushwa mrima, ikapanda mabegani mwa wapagazi kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza kisiwani Unguja, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani hii.

Tumezoea kuisimulia habari hiyo kwa vita na majina ya watemi. Mimi naona tumeanzia mwishoni. Kabla bunduki haijalia, kuna mtu aliyeifuta, akaipaka mafuta, akaianika baruti yake juani. Kazi ya mtu huyo ndiyo inayoeleza kwa nini Tabora ilipiganiwa.

Tuanze na gumegume, bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe. Mwenye bunduki humimina baruti ndani ya kasiba kwa kipimo, hutia risasi au marisau, hushindilia kwa mdeki. Kisha huweka baruti kidogo kwenye kisahani kilicho ubavuni. Akifyatua, jiwe lililobanwa kwenye mtambo hukwaruza chuma, cheche huangukia kisahani, moto hupenya tundu dogo na kufika ndani. Hatua zote hizo ni za kupata mlio mmoja tu, na kila hatua ina namna yake ya kushindikana. Jiwe likichakaa halitoi cheche. Tundu likiziba, baruti ya kisahani huwaka puu na ndani kukabaki kimya.

Adui mkubwa alikuwa unyevu. Baruti ni shura, mkaa na salfa, na masizi yake hunywa maji ya hewani na kuitafuna kasiba kwa kutu. Tabora mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Bunduki iliyopigwa jioni ikawekwa bila kuoshwa, ndani ya tembe lenye dari la udongo, haikuchukua siku nyingi kuharibika. Ilitakiwa ioshwe kwa maji ya moto, ikaushwe kabisa, ipakwe mafuta. Hakuna aliyezaliwa akijua hayo. Ujuzi huo ulipaswa kusafiri pamoja na bunduki, na kwa mhunzi wa Kinyamwezi, aliyezoea kufua majembe na mikuki, hii ilikuwa kazi mpya ya kujifunza.

Baadaye zikaja bunduki za fataki. Hizi hazikuwa na jiwe wala kisahani: kikofia kidogo cha shaba chenye dawa kiliwekwa juu ya kifa, nyundo ikakipiga, basi. Mvua haikuzisumbua sana. Lakini jiwe la gumegume mtu angeweza kulichonga upya likatoa cheche tena, ilhali fataki ikishapigwa imekwisha, na ya pili ilitoka pwani. Kadiri bunduki ilivyokuwa bora, ndivyo mwenyewe alivyozidi kuitegemea njia ya misafara.

Mirambo, mtemi wa Urambo, alilielewa jambo hilo kuliko watu wengi wa zama zake. Msafiri Stanley, aliyefika Unyanyembe mwaka 1871, ameandika kuwa Mirambo aliusimamisha msafara uliokuwa ukielekea Ujiji akaudai vipipa vitano vya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Akalipwa. Kisha akawaamuru warudi walikotoka. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara jicho langu linatua kwenye vile vipipa vitano, kwa sababu bila hivyo bunduki tano zisingemfaa kitu.

Waarabu wa Tabora wakamshambulia Mirambo Agosti mwaka huo kwa jeshi la watu zaidi ya elfu mbili, wengi wao na gumegume, Stanley akiwa pamoja nao. Waliteka boma, wakatawanyika na nyara zao, na Mirambo akawavizia njiani wakirudi. Soud bin Said bin Majid aliuawa hapo. Baadaye mwezi huohuo rugaruga, askari wa Mirambo, waliingia Tabora yenyewe wakaichoma, na Khamis bin Abdallah akafa akipigana. Njia ya Ujiji ikafungwa. Stanley ilimbidi azunguke kusini ili amfikie Livingstone, aliyekuwa akimtafuta.

Je, mtu angeweza kuikwepa baruti na njia yake? Ulaya kwenyewe kulikuwa na bunduki isiyohitaji baruti kabisa. Karibu mwaka 1780 jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya upepo iliyobuniwa na Bartholomäus Girandoni. Kitako chake kilikuwa chupa ya chuma, nacho kilijazwa hewa kwa pampu ya mkono, mipigo kama 1,500 mpaka kijae. Ilibeba risasi ishirini tayari na haikutoa moshi. Lakini ngozi za kuzibia hewa zilikauka zikavuja, na askari wa kawaida hakuweza kuitengeneza akiwa vitani, hivyo jeshi likaiacha. Hata leo mwenye bunduki ya upepo ya kizamani hushughulika na vizibo vinavyovuja na unyevu ndani ya chupa. Hewa ilikuwapo Tabora bure kabisa. Aliyekosekana ni fundi wa kuifunga chupani.

Mtemi Isike wa Unyanyembe aliweka akiba kubwa ya baruti ndani ya ngome yake. Wajerumani, waliokuja kuitawala nchi, walimshambulia zaidi ya mara moja mwaka 1892 wasimuweze. Januari 1893 Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, aliivunja ngome hiyo. Isike alipoona askari wameingia aliliwasha ghala lake la baruti yeye mwenyewe akiwa ndani.

Wakati huo biashara ya silaha yenyewe ilikuwa imekwisha kubanwa. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulikataza silaha kuingizwa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa mlango mdogo, kwa ruhusa ya serikali. Bunduki dhaifu kuliko zote ndiyo iliyoruhusiwa ibaki mikononi mwa Mwafrika.

Ikabaki kweli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, misafara ikafa, lakini gobore, bunduki hiyo ya kujazwa kupitia mdomoni, halikufa. Wahunzi walijifunza kulitengeneza wenyewe, kasiba ikitokana na bomba la maji na kitako kikichongwa kwa mti wa porini. Leo kumiliki moja bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na polisi huwataka wananchi wayasalimishe kwa hiari. Hilo ni sawa, maana magobore yameua watu na wanyama wengi.

Yanayosalimishwa huteketezwa kwa moto. Ningeomba moja tu libakizwe: litobolewe ili lisiweze kulia tena, lisuguliwe kutu, lipakwe mafuta, kisha lilazwe juu ya meza katika tembe la Livingstone pale Kwihara. Pembeni yake ulazwe mdeki wake, na kikaratasi kinachotaja kila sehemu kwa jina lake: kasiba, kifa, mtambo, kitako. Vijana wengi wa Tabora niliowauliza mdeki ni nini hawakuwa na jibu.