Sarafu, Daftari na Jiwe: Utawala wa Abd al-Malik bin Marwan na Kudhihirika kwa Ustaarabu wa Kiislamu

Maelezo ya kawaida kuhusu ustaarabu wa Kiislamu wa awali huanzia Makka, hupitia Madina kwa Hijra ya mwaka 622, kisha huruka hadi Baghdad ya Bani Abbasi pamoja na wanafalsafa na matabibu wake. Katikati hubaki zaidi ya karne moja, na ndipo penye mabishano makali ya wanahistoria. Wapo wanaoamini kwamba ustaarabu huo ulitoka Uarabuni ukiwa umekwisha kamilika. Wapo pia, hasa tangu Patricia Crone na Michael Cook walipochapisha kitabu cha Hagarism mwaka 1977, wanaodai kwamba dini yenyewe ilijitenga na imani za jirani zake kwa kuchelewa, na kwamba masimulizi ya Waarabu yaliandikwa baadaye mno kuaminika. Vitu vilivyosalia kutoka karne hiyo havikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Vinaonyesha imani iliyokuwapo tangu mapema, lakini ambayo haikupewa sura ya hadharani katika zana za dola hadi enzi ya Abd al-Malik bin Marwan (685–705). Tena, kilichoharakisha jambo hilo ni vita vya Waislamu wao kwa wao kuliko ushindani wao na Bizanti.

Ushahidi wa kwanza ni stakabadhi ya kondoo. Hati hiyo ya mafunjo, inayohifadhiwa Vienna, iliandikwa Ahnas nchini Misri mwaka 22 H (643) kwa Kigiriki na Kiarabu, kuthibitisha kwamba jeshi la Waarabu lilipokea kondoo 65 kutoka kwa wenyeji. Maandishi ya Kiarabu yanafunguliwa kwa bismillahi, na baadhi ya herufi zina nukta, ingawa kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa nukta zilibuniwa baadaye. Tarehe yake inataja mwaka wa ishirini na mbili bila kueleza unahesabiwa tangu tukio gani; mwandishi hakuona haja ya kueleza. Miaka kumi na moja tu baada ya kufariki Mtume, karani katika mji wa Misri alikuwa na kalenda ya umma wake, hati yake na dua yake ya kufungulia shughuli. Madai kwamba hapakuwa na utambulisho wowote wa pekee hayaafiki kipande hicho cha mafunjo.

Fedha za sokoni, hata hivyo, zilieleza habari nyingine. Huko Iraki na Uajemi watawala wapya waliendelea kupiga dirhamu zenye sura ya Mfalme Khusrau wa Pili upande mmoja na madhabahu ya moto upande wa pili, wakiongeza bismillahi pembezoni. Huko Sham zilitumika sarafu za Bizanti na nakala zake zenye misalaba. Sababu zake si ngumu kuzielewa. Washindi walikuwa wachache. Kodi ilikusanywa na makarani walewale wa zamani, na mkulima aliipokea sarafu aliyoizoea. Huko Dameski hesabu za hazina zilikuwa mikononi mwa Mkristo, Sarjun bin Mansur, anayetajwa kuwa baba wa mwanateolojia Yohana wa Dameski.

Hali hiyo ilivurugwa na fitina ya pili. Baada ya kifo cha Yazid mwaka 683, Abdallah bin al-Zubayr alitambuliwa kuwa khalifa katika sehemu kubwa ya dola, naye alikuwa na jambo moja ambalo Bani Umayya hawakuwa nalo: aliishikilia Kaaba. Katika mwaka 66 H (685/686), liwali aliyekuwa upande wake alipiga dirhamu mjini Bishapur, Uajemi, zenye maneno yanayomtaja Muhammad kuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu. Hizo ni miongoni mwa vitu vya kale kabisa vyenye tarehe vinavyolitaja jina la Mtume. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuitangaza imani kwa njia ya fedha haikutoka Dameski, bali kwa wapinzani wake. Abd al-Malik aliwashinda kwa upanga wa al-Hajjaj mwaka 692, lakini fikra yao aliichukua na kuikuza.

Kuba la Mwamba mjini Yerusalemu lina tarehe ya mwaka 72 H (691/692). Maandishi yake ya ndani, yenye urefu wa takriban mita 240, yanatamka umoja wa Mungu na kuwaelekea waziwazi watu wa Kitabu kuhusu nafasi ya Isa mwana wa Maryamu. Al-Yaqubi aliandika kwamba jengo hilo lilikusudiwa kuwageuza mahujaji wasiende Makka. Dai hilo linapaswa kupokewa kwa tahadhari, kwani mwandishi huyo hakuwapenda Bani Umayya. Karne moja na zaidi baadaye, Khalifa al-Ma'mun aliamuru jina la mjenzi lifutwe na lake liwekwe, ila mafundi waliiacha tarehe ya zamani, na wizi huo ukabaki na saini yake.

Katika sarafu za dhahabu mabadiliko yalikwenda kwa kujaribujaribu. Kwanza misalaba ya Bizanti ilikatwa mikono ikabaki nguzo tupu. Kisha, katika miaka ya 74–77 H, ikaja sura ya khalifa mwenyewe, amesimama na upanga kiunoni, wakati ambapo Mfalme Justinian wa Pili alikuwa ameanza kuweka sura ya Kristo kwenye dhahabu yake. Mwaka 77 H (696/697) picha zote ziliachwa. Dinari mpya, yenye uzito wa karibu gramu 4.25, ilikuwa na maneno matupu: shahada, aya na tarehe, bila hata jina la khalifa. Mfuatano huu una maana kubwa. Kuepuka picha, ambako leo huonekana kama tabia ya asili ya ustaarabu huo, katika fedha kulifikiwa kwa uamuzi, baada ya njia nyingine kujaribiwa na kukataliwa.

Mageuzi ya tatu yalihusu madaftari ya kodi. Al-Baladhuri, aliyeandika katika karne ya tisa, anasimulia kwamba huko Sham yote yalianza kwa karani Mgiriki aliyekojoa ndani ya kidau cha wino. Kisa kinachochekesha kuliko kinavyoshawishi. Habari yake ya Iraki ina uzito zaidi. Salih bin Abd al-Rahman, mtumishi wa asili ya Kiajemi, alipojitolea kuhamishia hesabu katika Kiarabu, mwenzake wa zamani alimuuliza angeziandikaje sehemu za hesabu, naye akawa na jibu. Makarani wa Kiajemi walimwahidi dirhamu 100,000 ajifanye ameshindwa. Alikataa, na kazi ikafanyika mnamo 697. Sham ilifuata mwaka 700, Misri 705/706, na Khurasan 742.

Swali la sehemu za hesabu si dogo. Lugha inayoweza kukokotoa kodi ya ardhi, kupima mifereji na kugawa urithi inahitaji msamiati wa hisabati kabla ya kuhitaji falsafa. Ndiyo maana George Saliba, akisoma upya maelezo ya Ibn al-Nadim, anaanzia tafsiri za sayansi katika ofisi hizi za kodi badala ya ndoto za makhalifa wa Baghdad. Makarani waliopoteza kazi, pamoja na watoto wao, walilazimika kujinoa kwa elimu adimu ili warudi serikalini. Hoja yake inafafanua vizuri kwa nini al-Khwarizmi na Hunayn bin Ishaq walikuta Kiarabu kilichokwisha zoea kazi. Msamiati huo ulisafiri mbali: Kiswahili kinasema nusu, thuluthi na robo, ushuru wake unatokana na neno la Kiarabu la sehemu ya kumi, na diwani wake na jina la ofisi hizohizo.

Lakini dinari iliyotamka umoja ilipita katika mikono isiyo sawa. Wakulima wa Iraki waliosilimu na kuhamia Basra walirudishwa vijijini na al-Hajjaj ili waendelee kulipa kodi kama ambao hawakusilimu. Umar bin Abd al-Aziz (717–720) alijaribu kuliondoa jambo hilo. Waliomfuata walirejea desturi ya zamani. Huko Khurasan, ambako daftari lilikuwa la mwisho kugeuzwa Kiarabu, ndiko ulikoanza mwaka 747 uasi ulioiangusha dola ya Bani Umayya.