Kubadilisha Ufunguo: Wilaya za Dodoma katika Python na q

Tarehe 26 Aprili 2018, siku ya Muungano, Rais John Magufuli aliitangaza Dodoma kuwa jiji. Hakuna mkazi aliyehama kwa sababu hiyo; Manispaa ilipata tu hadhi na jina jipya. Kwa mtunza takwimu, kazi ilianzia hapo. Ikiwa matokeo ya sensa ya 2012 yamewekwa katika kamusi ya kompyuta, yaani orodha ambamo kila jina ni ufunguo wa idadi yake, ufunguo "Manispaa" uwe "Jiji" na wakazi 410,956 wasiguswe. Lugha za programu hutofautiana katika jambo hili dogo, na tofauti yenyewe ina mengi ya kufundisha.

Katika Python, lugha ya Guido van Rossum iliyotoka mwaka 1991, mashine hukokotoa namba kutokana na herufi za ufunguo, na namba hiyo ndiyo inayoamua thamani ikae wapi. Jina likibadilika, thamani lazima ihame:

sensa["Jiji"] = sensa.pop("Manispaa")

Mstari ni mmoja, lakini kazi ni mbili: kutoa na kuingiza upya. Na kwa kuwa tangu toleo la 3.7 kamusi ya Python hufuata mpangilio wa kuingia, Jiji lililokuwa juu ya orodha linajikuta mkiani, nyuma ya wilaya za Bahi na Chamwino.

Lugha za safu, yaani zile zinazoshughulikia orodha nzima kwa pamoja, zina ukoo mwingine. Chimbuko lake ni maandishi ya hisabati ya Kenneth Iverson wa Kanada, yaliyochapishwa mwaka 1962, yakazaa lugha ya APL. Baadaye Arthur Whitney akatunga K, kisha q, ambayo leo hutumika sana katika masoko ya fedha. Katika q, kamusi ni safu mbili zilizowekwa sambamba, moja ya funguo na moja ya thamani, zikiunganishwa kwa alama ya mshangao:

sensa:`Manispaa`Bahi`Chamwino!410956 221645 330543
k:key sensa
k[k?`Manispaa]:`Jiji
sensa:k!value sensa

Hapa hakuna kinachohama. Unachukua safu ya majina, unarekebisha jina moja mahali pake, kisha unairudisha kando ya tarakimu zilezile. Mpangilio unabaki.

Lakini tuseme "Jiji" lilikuwa tayari limeandikwa na mtu mwingine. Python itaifuta thamani iliyokuwapo bila kusema neno. Python humeza, q huficha: itaziweka funguo zote mbili, na ukiuliza idadi ya Jiji itakujibu kwa ile ya kwanza tu. Mimi naona afadhali q, maana kilichofichwa bado kinaweza kutafutwa.

Hata hivyo, kesi ya Manispaa ndiyo nyepesi. Wilaya ya Dodoma Vijijini, iliyohesabiwa kama wilaya moja katika sensa ya 2002, iligawanywa ikawa Bahi na Chamwino. Ufunguo mmoja umezaa mbili, na hakuna amri ya kubadilisha jina inayoweza kugawa wakazi. Lazima urudi kwenye takwimu za kata.

Kondoa ni ngumu zaidi, kwa sababu jina lake halikubadilika. Mwaka 2002 wilaya hiyo ilikuwa na zaidi ya watu 420,000. Mwaka 2012 inasomeka 269,704. Asiyejua atadhani watu wamekimbia njaa. Ukweli ni kwamba wilaya ya Chemba imekatwa humo, ikiwa na watu 235,711. Ukijumlisha, eneo la zamani lina watu 505,415. Limekua.

Python na q zote zitakubali kulinganisha Kondoa na Kondoa, kwa kuwa kwao ufunguo uleule ni kitu kilekile. Kwa hiyo anayetunza takwimu za Dodoma asitumie jina peke yake kama ufunguo. Aambatanishe na mwaka wa mipaka. Kubadilisha jina ni kazi ya lugha, lakini kujua jina linabeba eneo gani ni kazi ya mtu anayeifahamu Kondoa.