Masalio ya Huduma katika Uhuishaji wa Debian: Mtazamo kutoka Kiyovu, Kigali

Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali (KIST) ilianzishwa mwaka 1997 huko Kiyovu, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha kijeshi. Mwaka 2013 taasisi za umma za elimu ya juu ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na KIST ikawa Koleji ya Sayansi na Teknolojia. Jina liliondolewa kwa sheria, ilhali vyeti vya wahitimu viliendelea kuitaja taasisi isiyokuwapo tena. Katika miaka hiyohiyo, wasimamizi wa seva za Linux walikuwa wakikabiliana na hali ya namna hiyo ndani ya mashine zao.

Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, ilijiwekea kanuni kwamba kuondoa kifurushi si kufuta kila kitu chake. Mafaili ya usanidi hubaki, na kifurushi huandikwa kwa alama ya «rc». Skripti za kuwashia huduma, zilizomo katika /etc/init.d, zilihesabiwa kuwa usanidi, hivyo nazo zilibaki. Kwa muda mrefu hazikumdhuru mtu. Huduma ziliwashwa kwa kufuata namba, na skripti iliyokosa programu yake ilijizima kimyakimya.

Toleo la Squeeze, lililotolewa Februari 2011, lilibadili msingi huo. Kila skripti ilitakiwa itaje huduma inazozitegemea, na programu ya insserv ikapanga utaratibu wa kuwasha kwa kuzingatia maelezo hayo. Hapo masalio yakapata sauti: skripti moja ya kale isiyo na maelezo, au inayodai huduma iliyokwisha kuondolewa, iliweza kuzuia mfumo mzima usihamie utaratibu mpya. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuorodhesha vifurushi vyenye alama ya «rc» na kuvifuta kabisa kwa amri ya dpkg --purge.

Dawa hiyo haikuwa nyepesi kama inavyosimuliwa. Kufuta kabisa kifurushi cha hifadhidata kwaweza kufuta data yenyewe, na kwa chuo chochote data hiyo huenda ikawa matokeo ya wanafunzi. Wanaoilaumu Debian kwa kulimbikiza takataka husahau jambo hili. Kanuni ya kubakiza ilikuwa ya busara, na kasoro ilikuwa kutomkumbusha msimamizi mapema.

Toleo la Jessie, la Aprili 2015, lilileta systemd, ambayo huzitafsiri skripti za kale zisizo na faili jipya la huduma. Skripti iliyoachwa hutekelezwa, hukosa programu yake, hutoka bila kosa. Kisha systemd huiandika kuwa huduma hai iliyokwisha kutoka. Msimamizi asomaye orodha hiyo haraka huamini kwamba huduma ipo. Ndiyo maana mafundi waangalifu hunakili kwanza saraka ya /etc, hukagua kila kifurushi chenye alama ya «rc», na kufuta kimoja kimoja kabla ya kuanza uhuishaji.