Uhamishaji wa haki za mkataba binafsi

Haki inayotokana na mkataba huhesabiwa kuwa mali, na mwenye nayo huweza kuiuza, kuitoa zawadi au kuiweka dhamana. Anayedai fedha akiliuza deni lake kwa benki, mdaiwa akishaarifiwa hulipa benki, apende asipende. Mkataba binafsi hauendi hivyo. Huu ni mkataba ambao mtu alichaguliwa kwa ajili ya kipaji chake, uaminifu wake au namna anavyoaminiana na mwenzake. Mchoraji aliyeagizwa picha hamtumi mwingine amchoree, na mwajiri hamkabidhi mfanyakazi wake kwa mwajiri mwingine bila ridhaa yake.

Suala la mfanyakazi liliamuliwa Uingereza mwaka 1940, katika kesi ya Nokes, mchimba makaa ya mawe ambaye kampuni yake iliunganishwa na nyingine kwa amri ya mahakama. Mali zilihama, mkataba wake wa kazi, ilitamkwa, haukuhama.

Ugumu huja kwenye mikataba ya biashara, kwani bidhaa yenyewe haitoi jibu. Mwaka 1903 mahakama za huko zilikubali kuwa haki ya kuuziwa chokaa ghafi kwa miaka 50 kwa ajili ya kiwanda cha saruji iliweza kupita kwa kampuni iliyokinunua kiwanda hicho. Miaka mitatu baadaye zilikataa katika kesi ya mayai. Mwokaji keki alikuwa ameahidiwa mayai yote atakayohitaji kwa mwaka mmoja, naye akaahidi kutonunua kwingine, kisha akaiachia biashara kampuni kubwa ya mikate. Kiasi cha mayai kilifuata mahitaji ya mwokaji huyo. Muuzaji asingeweza kubebeshwa mahitaji ya kampuni nzima. Kipimo, basi, ni kama uhamisho unamwongezea mzigo yule aliyebaki.

Hata hivyo, ujira ambao mwimbaji ameshaufanyia kazi ni deni tu, na anaweza kumwachia mwingine aupokee, ingawa kuimba ni lazima aimbe mwenyewe. Wajibu nao hauhamishwi kwa uamuzi wa upande mmoja: pande mbili za mkataba na anayeupokea wajibu wakikubali wote watatu, mkataba wa zamani hufa na mpya huanza.

Kenya hufuata kanuni hizi kupitia Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inayotumia sheria ya kawaida (common law) ya Uingereza. Tanzania ina Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyoigwa kutoka ile ya India ya mwaka 1872. Nayo humtaka mtoa ahadi aitekeleze mwenyewe pale hali inapoonyesha kuwa ndivyo wahusika walivyokusudia.