Kaburi la Babu Lisilosomeka

Juma hili nakupeleka mbali kidogo, kwa wakulima wa mahindi na wafuga nguruwe wa jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Tumezoea kuambiwa kwamba Mmarekani hajali asili yake. Mimi siamini. Katika vijiji vile vya mashambani wapo wazee ambao wakishastaafu, kazi yao kubwa ni kutafuta ukoo: babu alitoka wapi, alifika lini, shamba alilinunua kwa nani. Hushinda katika ofisi za kaunti wakipekua hati za ardhi, kisha huzunguka makaburini na daftari mkononi.

Na huko makaburini ndiko wengi hukwama. Jiwe la babu lipo, limesimama, herufi zinaonekana, lakini mjukuu hawezi kulisoma. Limeandikwa Kijerumani.

Katika karne ya 19 hakuna wahamiaji kutoka nje waliokuwa wengi Iowa kuliko Wajerumani. Mji wa Davenport, kando ya mto Mississippi, ulipokea watu wengi wa Schleswig-Holstein baada ya maasi yaliyoanza kwao mwaka 1848 kushindwa. Walijenga makanisa na shule, wakachapa magazeti, yote kwa lugha yao. Wala tusidhani kwamba ardhi ile haikuwa na wenyewe. Ilikuwa ya Wasauk na Wameskwaki, ambao waliondolewa. Mwaka 1857 Wameskwaki walinunua ekari 80 kwa dola 1,000, fedha yao wenyewe, ili wapate pa kukaa katika nchi iliyokuwa yao.

Sasa ikaja Vita Kuu ya Kwanza, ile ile iliyowamaliza wapagazi wetu huku. Marekani iliingia vitani Aprili 1917, na mara Mjerumani wa Iowa, ambaye mwanawe pengine alikuwa jeshini, akawa mtu wa kushukiwa. Tarehe 23 Mei 1918 Gavana William Harding alitoa tangazo: shuleni Kiingereza tu, hadharani na ndani ya treni Kiingereza tu, hotuba, Kiingereza, kwenye simu, Kiingereza. Asiyekijua alishauriwa akasalie nyumbani kwake.

Hilo la simu lina kisa chake. Simu za mashambani siku zile zilikuwa za waya mmoja kwa nyumba nyingi, hivyo ukiinua yako unamsikia jirani. Katika kaunti ya Scott, wanawake wa shamba walisikiwa wakizungumza Kijerumani kwenye simu, wakatozwa dola 225, zikaenda Msalaba Mwekundu. Hebu fikiria: mama anamwuliza mwenzake habari za watoto kwa lugha aliyonyonya nayo, analipa faini.

Hata majina ya mahali yalibadilishwa. Kijiji cha Germania mwaka huo huo kikaitwa Lakota, jina la kabila la Wahindi Wekundu. (Kumbe wenye nchi walifaa kutoa jina.) Berlin ikawa Lincoln. Mjukuu akikuta hati inayosema babu yake alizaliwa Germania, akatazama ramani, haipo.

Tangazo lilifutwa Desemba 1918, baada ya vita kwisha. Lakini hasara inaonekana mtu akianza kutafuta. Sensa ya taifa ya 1890 iliharibiwa na moto na maji ya kuuzimia, huko Washington, Januari 1921. Basi kati ya sensa ya 1880 na ya 1900 pana pengo la miaka 20, kipindi ambacho wahamiaji walimiminika. Iowa ina bahati, kwa kuwa ilifanya sensa zake yenyewe. Ile ya 1925 iliuliza hata jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Kwingine inabidi kurudi kwenye vitabu vya kanisa: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi. Mchungaji aliandika kila kitu. Aliandika Kijerumani, tena kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo unamtoa jasho.

Jimbo jirani la Nebraska nalo lilitunga sheria mwaka 1919: mtoto asifundishwe lugha ya kigeni kabla hajamaliza darasa la nane. Mwalimu Robert Meyer, wa shule ya Kilutheri, alikutwa Mei 1920 akimsomesha mtoto wa miaka 10 kwa Kijerumani. Alitozwa dola 25. Alikata rufaa hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 4 Juni 1923 akashinda. Siku hiyo hiyo sheria ya Iowa ya namna ile nayo ikaanguka.

Ushindi ule uliwakuta wazazi wengi wamekwisha kuamua kwamba lugha ya nyumbani ina hatari, na watoto wamezoea kujibu kwa Kiingereza. Mjukuu wao akitaka kulisoma jiwe la babu, hujiandikisha chuoni kujifunza Kijerumani, darasa la lugha za kigeni.