Alama ya kukubaliwa: nani huvuka darasa la 9 Gitega na Muyinga?

Kila mwaka, baada ya mtihani wa taifa wa darasa la 9, wizara ya elimu ya Burundi hutangaza alama ya chini inayomruhusu mwanafunzi kuingia katika elimu ya baada ya msingi. Aliyeifikia huendelea na masomo. Aliyepungukiwa, hata kwa alama moja, hulazimika kurudia darasa, kujifunza ufundi au kuacha shule. Kwa mzazi mwenye kipato kidogo, awe mkaazi wa Nyamugari mjini Gitega au wa karibu na mpaka wa Kobero huko Muyinga, mwaka mmoja zaidi wa shule ni mzigo mkubwa.

Alama na idadi ya nafasi

Alama hiyo haipimi akili ya mtoto peke yake. Hutegemea pia idadi ya madawati yaliyopo: nafasi zikiwa chache, alama hupanda. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2005, na madarasa yakajaa. Sheria ya Septemba 2013 ikarefusha elimu ya msingi hadi miaka 9, na mchujo uliokuwa ukifanyika darasa la 6 ukasogezwa mbele. Msongamano haukuondoka, ulihamia ngazi ya juu.

Mikoa miwili, mianzo miwili

Gitega ilikuwa makao ya utawala wa kikoloni, na misheni ya Mugera iliyo jirani ilianzishwa mwaka 1899. Shule zikapata mizizi mapema. Muyinga, ambayo tangu 2025 imo katika mkoa mpya wa Buhumuza, iko kaskazini-mashariki, na kwa miongo mingi eneo hilo lilikuwa na shule chache za sekondari kuliko mikoa iliyopendelewa, hasa Bururi.

Lugha nayo ina uzito wake. Mtoto hufundishwa kwa Kirundi katika miaka ya kwanza, kisha kwa Kifaransa. Anayezungumza Kiswahili nyumbani hubeba lugha ya tatu. Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi, lakini kama somo, si kama lugha ya kufundishia masomo mengine.

Kumbukumbu ya shaka

Nchini Burundi, mtihani una historia nzito. Mauaji ya 1972 yaliwalenga Wahutu waliosoma, na baadaye wazazi wengi wakaogopa kuwapeleka watoto wao shuleni. Watafiti wameandika pia kwamba, wakati wa utawala wa Jean-Baptiste Bagaza, karatasi za mtihani ziliwekwa alama ya siri, «u» kwa Mhutu na «i» kwa Mtutsi. Ndiyo maana Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka mitihani iwe ya wazi na ya haki, na shule na vitabu vigawanywe kwa usawa katika maeneo yote ya nchi.

Alama moja au mgao?

Wanaotetea alama moja kwa nchi nzima husema kwamba inaziba mlango wa upendeleo. Wanaotetea mgao wa maeneo hujibu kwamba si haki kuwapima kwa mizani moja watoto ambao hawakupata walimu na vitabu sawa. Kenya, kwa mfano, kwa miaka mingi iligawa nafasi za shule zake za kitaifa kwa kuzingatia maeneo wanakotoka wanafunzi. Lakini mgao nao una gharama: mwenye alama nyingi katika eneo moja anaweza kuachwa nje, wakati mwenye chache kwingine anaingia.

Njia yoyote itakayofuatwa, mzazi anastahili kujua mambo matatu: nafasi zilikuwa ngapi katika kila fani, alama iliwekwaje, na malalamiko hupelekwa wapi. Akiyajua, mtoto wake akikosa nafasi ataelewa kwamba ni kwa sababu ya alama, wala si kwa sababu ya jina au kilima anakotoka.