Kura 47 za Chimwaga: Mpiga Kura wa Kawaida na Uteuzi wa Mgombea Urais wa CCM, 1995

1.0 Utangulizi

Mwezi Julai 1995, katika ukumbi wa Chimwaga mjini Dodoma, Mkutano Mkuu wa Taifa wa Chama Cha Mapinduzi (CCM) ulimteua Benjamin William Mkapa kuwa mgombea wake wa urais. Katika duru ya pili Mkapa alipata kura 686, na Jakaya Mrisho Kikwete akapata 639. Tofauti ilikuwa kura 47. Miezi michache baadaye Mkapa aliapishwa kuwa Rais wa Awamu ya Tatu, akaongoza nchi kwa miaka 10.

Tukio hili limesimuliwa kwa namna mbili. Simulizi ya kwanza inadai kwamba Mwalimu Julius Nyerere ndiye aliyemteua Mkapa, na kwamba wajumbe walitia muhuri tu. Simulizi ya pili inalichukulia kuwa ushahidi wa ukomavu wa demokrasia ndani ya chama: wagombea walishindana, kura zilihesabiwa hadharani, aliyeshindwa akakubali. Zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini zote mbili zinamwacha nje mtu mmoja, yaani mpiga kura wa kawaida aliyefuatilia uteuzi huo siku baada ya siku bila ya kuwa na kura ndani yake.

Insha hii inamrudisha mtu huyo katika historia ya tukio. Hoja yake ni kwamba ukaribu wa kura za Chimwaga umewafanya wananchi, na hata baadhi ya watafiti, waikumbuke hatua iliyohesabiwa na kuisahau hatua ambayo haikuhesabiwa. Mchujo uliofanyika kabla ya Mkutano Mkuu uliamua mengi zaidi kuliko kura 47, lakini haukumwachia mwananchi takwimu ya kukumbuka wala ya kuhoji.

2.0 Muktadha: kwa nini uteuzi wa chama ulimhusu kila mpiga kura

Hadi mwaka 1992 Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja. Katika uchaguzi wa rais mwananchi alipewa jina moja, akatakiwa kusema ndiyo au hapana. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikusanya maoni ya wananchi mwaka 1991, na ingawa wengi wa waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee, Tume ilipendekeza vyama vingi. Sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Uchaguzi wa Oktoba 1995 ukawa wa kwanza, tangu kuundwa kwa Jamhuri ya Muungano, ambamo mpiga kura angechagua rais kati ya wagombea wa vyama mbalimbali.

Mambo mawili yaliufanya uteuzi wa CCM uwe na uzito wa pekee. Kwanza, Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa anamaliza vipindi vyake viwili, hivyo nafasi ilikuwa wazi. Pili, mlango wa mgombea binafsi ulikuwa umefungwa. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila, iliamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila ya kudhaminiwa na chama. Bunge likajibu kwa kuibadilisha Katiba ili sharti la udhamini wa chama libaki. Kwa hiyo, mtu aliyetaka kuwa rais hakuwa na njia nyingine isipokuwa chama, na mwananchi aliyetaka kujua nani angeweza kuwa rais alilazimika kukodolea macho vikao vya chama, awe mwanachama au asiwe.

Ushindani kutoka nje nao uliongeza joto. Augustine Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, aliihama CCM mapema mwaka 1995 na kujiunga na NCCR-Mageuzi. Umaarufu wake mijini ulikuwa mkubwa. CCM haikuwa tena inachagua tu nani atawale. Ilikuwa inachagua nani angeweza kumshinda Mrema. Hapo ndipo maoni ya mtu asiye na kadi ya chama yalipoanza kuwa na thamani ndani ya chama.

3.0 Mchujo usiohesabiwa

Zaidi ya wanachama 10 walijitokeza kuomba uteuzi. Miongoni mwao walikuwamo John Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu hadi Desemba 1994, Cleopa Msuya, aliyeshika nafasi hiyo baada yake, Jakaya Kikwete, Waziri wa Fedha, Edward Lowassa, na Benjamin Mkapa, Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, ambaye kabla ya kuingia katika siasa za uwaziri alikuwa mhariri wa magazeti ya chama na ya serikali. Baada ya Kamati Kuu na Halmashauri Kuu ya Taifa kukaa, yalibaki majina matatu: Kikwete, Mkapa na Msuya.

Kwa mfuatiliaji aliyekuwa nje ya vikao, kuachwa kwa Malecela na Lowassa lilikuwa tukio kubwa kuliko yote yaliyofuata. Kuhusu Malecela, dalili zilikuwapo. Mwaka 1993 kundi la wabunge waliojulikana kama G55 walidai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na Nyerere, katika kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, aliwalaumu waziwazi Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama kwa namna walivyolishughulikia suala hilo. Mwezi Machi 1995, akizungumza na waandishi wa habari jijini Dar es Salaam, na tena Mei Mosi mjini Mbeya, Nyerere alieleza hadharani hatari za rushwa, ukabila, udini na kudharau Katiba, na akataja sifa za kiongozi aliyemtaka. Mwananchi aliyesikiliza hotuba hizo redioni aliweza kukisia nani hakuwa anatajwa kwa wema.

Lakini kukisia si kujua. Wananchi walipewa orodha fupi. Hawakupewa hoja zilizoifupisha. Hapakuwa na hesabu iliyotangazwa kwao ya nani alimkataa nani, wala kwa sababu gani. Ushawishi wa Nyerere unaonekana zaidi hapa kuliko ukumbini Chimwaga. Aliweza kusaidia kuamua nani asifike mbele ya wajumbe. Kuamua nani kati ya waliofika ashinde lilikuwa jambo jingine, kama takwimu zinavyoonesha.

4.0 Kura zilizohesabiwa

Katika duru ya kwanza Kikwete alipata kura 534, Mkapa 459 na Msuya 336. Jumla ya kura hizo ni 1,329, hivyo Kikwete aliongoza kwa takribani asilimia 40. Kwa kuwa mshindi alitakiwa kupata zaidi ya nusu, Msuya aliondolewa na wawili wa juu wakarudiwa kupigiwa kura. Matokeo yakawa 686 kwa 639.

Takwimu hizi zinafundisha mambo matatu. La kwanza ni nafasi ya kanuni. Kama ushindi ungekwenda kwa aliyepata kura nyingi tu, mgombea wa CCM mwaka 1995 angekuwa Kikwete, akiwa na umri wa miaka 44. Sharti la zaidi ya nusu ndilo lililowapa waliomuunga mkono Msuya nafasi ya kuamua.

La pili linahusu mgawanyo wa kura za Msuya. Kati ya duru hizo mbili Mkapa aliongeza kura 227 na Kikwete 105. Tukichukulia kwamba waliowapigia wawili hao katika duru ya kwanza hawakubadili msimamo, basi takribani theluthi mbili ya kura za Msuya zilikwenda kwa Mkapa. Kura ilikuwa ya siri, kwa hiyo hili linabaki kuwa kadirio. Hata hivyo linaendana na maelezo ya kawaida, kwamba wajumbe waliomtaka mtu mzima na mzoefu waliona Mkapa anafanana zaidi na mgombea wao aliyetoka kuliko kijana aliyeongoza.

La tatu ni udogo wa tofauti yenyewe. Wajumbe 24 tu, kama wangehama kutoka kwa Mkapa kwenda kwa Kikwete, wangegeuza matokeo. Simulizi ya kwamba Nyerere alimpachika Mkapa inashindwa kueleza idadi hii. Wajumbe 639, karibu nusu ya mkutano, walipiga kura kinyume na kile kilichofahamika kuwa chaguo la Baba wa Taifa. Hao si watu wa kutia muhuri.

5.0 Mfuatiliaji asiye na kura

Je, mwananchi aliyafuatilia vipi mambo haya? Mwaka 1995 mazingira ya habari yalikuwa yamebadilika. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyosikika nchi nzima, na gazeti la Uhuru lilikuwa la chama. Lakini magazeti binafsi kama Majira na Rai yalikwishaanza, na kituo cha televisheni cha ITV kilikuwa kimeanza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa mara ya kwanza mwananchi aliweza kulinganisha taarifa za vikao vya chama tawala kutoka vyombo visivyo vya chama hicho. Gazeti moja lilisomwa na watu wengi kijiweni, na jina la kila mwombaji lilipimwa kwa hoja za umri, usafi, uzoefu na mahali alipotoka.

Ufuatiliaji huo haukuwa kura. Nchini Marekani, baada ya mageuzi ya miaka ya 1970, mwanachama wa kawaida hupiga kura kituoni katika jimbo lake, na wajumbe wa mkutano mkuu wa chama hugawanywa kwa kutegemea kura hizo. CCM haikuwa na utaratibu wa namna hiyo kwa urais. Waliopiga kura halali katika duru ya pili walikuwa 1,325, ilhali wapiga kura walioandikishwa kwa uchaguzi wa Oktoba walikuwa karibu milioni 9. Kila kura ya Chimwaga, kwa hesabu hiyo, ilisimama mahali pa wapiga kura zaidi ya 6,700 ambao hawakuulizwa.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kusema kwamba hawakuwa na athari yoyote. Mjumbe aliyekwenda Dodoma alitoka wilayani ambako Mrema alikuwa anazungumzwa. Sifa ya usafi iliyomsaidia Mkapa ilikuwa na maana kwa sababu wananchi walikuwa wamechoshwa na rushwa na sasa walikuwa na mahali pengine pa kupeleka kura zao. Kwa lugha nyingine, mfuatiliaji wa 1995 aliingia ukumbini kama hofu ya wajumbe. Katika uchaguzi mkuu Mkapa alipata asilimia 61.8 na Mrema 27.8, hofu hiyo haikuwa ya bure.

6.0 Yaliyofuata

Kikwete aliyakubali matokeo, akawa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka 10. Kundi la waliomuunga mkono halikuvunjika. Ndilo chimbuko la kile kilichokuja kuitwa mtandao. Mei 2005 alirudi Chimwaga na kupata kura 1,072 dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya. Duru ya pili haikuhitajika.

Mwaka 2015 mzani ulielemea tena upande wa mchujo. Lowassa aliachwa kabla ya hatua za mwisho, na John Magufuli akashinda mkutanoni kwa kura 2,104 dhidi ya 253 za Amina Salum Ali na 59 za Asha-Rose Migiro. Lowassa alihamia Chadema, akagombea urais na kupata karibu asilimia 40 ya kura za wananchi. Mtu aliyeachwa katika hatua isiyohesabiwa aliungwa mkono na zaidi ya wapiga kura milioni 6 pale walipopata nafasi ya kuhesabiwa.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba uteuzi wa 1995 ulikuwa na hatua mbili zenye tabia tofauti. Ya mwisho ilikuwa ya ushindani wa kweli, na takwimu zake zinakanusha dai kwamba matokeo yalipangwa na mtu mmoja. Ya mwanzo ilifanyika faraghani, na ndiyo iliyoweka mipaka ya ushindani huo. Anayeisifu Chimwaga kwa kura 47 anasifu jambo la kweli, lakini anasifu nusu ya tukio.

Kwa mtafiti, funzo ni la kimbinu. Kura zilizohesabiwa huacha kumbukumbu, na kumbukumbu huvuta historia upande wake. Historia ya uteuzi ndani ya vyama haina budi kuanzia kwenye majina yaliyoondolewa, na kumuuliza mwananchi aliyekuwa nje alielewa nini kuhusu kuondolewa kwake. Mwananchi huyo alifuatilia kwa makini, akajua nani alishinda na kwa kura ngapi. Swali ambalo hakujibiwa ni kwa nini alichaguliwa kutoka orodha ile na si nyingine, na swali hilo ndilo lililompeleka kwenye sanduku la kura Oktoba 1995.